Sauti Iliyomwamkia Mama Mdogo

Nilipomaliza kidato cha sita, mama aliniambia nipande Litembo nikakae kwa mdogo wake mpaka mambo ya chuo yaishe. Kijijini kwetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ukurasa unaufungua asubuhi, unafunguka mchana, na ukiinamia kusoma umeshapotea. Litembo ni juu milimani, kuna mnara wa simu, na mama mdogo alikuwa na simu janja aliyoinunua kwa kahawa ya msimu uliopita. "Wewe utamsaidia kuchuma," mama alisema, "na yeye atakusaidia simu." Tukapatana hivyo.

Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa akinunua usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, anawaanika, kisha anawapandisha milimani kuuza na kurudi na mahindi na maharage. Kwa hiyo chuo bila mkopo wa serikali kilikuwa ndoto ya mchana. Shuleni walimu walitukusanya ukumbini kabla hatujaondoka wakatueleza utaratibu: chuo kinaombwa mtandaoni, mkopo unaombwa mtandaoni, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi vinahakikiwa mtandaoni. Niliandika yote. Nilipokaa peke yangu na ile simu ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeandika maneno tu, njia yenyewe sikuijua.

Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Mumewe aliondoka zamani kwenda kutafuta maisha, akayapata huko huko. Alibaki na nyumba, shamba la kahawa mteremkoni, mahindi kidogo kwenye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia udongo usisombwe mteremkoni, na kwaya ya kanisani. Alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuamini. Asubuhi tulichuma kahawa katikati ya ukungu, vidole vikifa ganzi kwa baridi ya Julai, na jua likishatoka tulikaa ukutani, upande wenye joto, tukafungua simu.

Shida yangu ilikuwa herufi moja. Kwenye vyeti vyangu vyote vya shule, jina la baba lina R. Kwenye cheti chake cha kifo, karani aliandika alivyosikia, na kwetu ufukweni R na L ni ndugu wa tumbo moja, akaweka L. Wakati wa kumzika hakuna aliyeona. Nani anasoma herufi siku ya msiba? Lakini nilipojaza maombi ya mkopo kama yatima wa baba, uhakiki ulikataa. Maandishi mekundu yakatokea: taarifa hazilingani. Nilijaribu tena, yakatokea tena. Nilijisikia kama mtu anayeambiwa kwamba aliyemzika hakuwa baba yake.

Nikaandika swali langu mtandaoni. Zikaja kurasa nyingi, karibu zote zina picha ya vijana waliovaa majoho wakirusha kofia juu. Moja ilinipeleka kwenye kundi la waombaji, na admini wake alijiita mshauri wa vyuo na mikopo. Nilimweleza habari yangu. Alinijibu kwa sauti, papo hapo.

"Pole sana mdogo wangu kwa kumpoteza mzee. Mungu hamtupi mja wake. Hilo la herufi ni dogo mno, usilie. Nina watu ndani. Hapo unaishi na nani?"

Nikamwandikia kwamba naishi na mama mdogo. Haukupita muda, ukaja ujumbe mwingine wa sauti, huu wa kumwamkia mama mdogo. "Shikamoo mama. Mimi ni kijana wako. Usiwe na wasiwasi na huyu mtoto, ni mdogo wangu sasa. Wewe tuombee tu."

"Marahaba baba, marahaba," mama mdogo akaijibu simu isiyosikia. Kisha akanigeukia. "Huyu amelelewa. Umesikia alivyoamkia?"

Tangu siku hiyo mshauri alimwamkia kila asubuhi. Alimwuliza habari za kahawa, za miguu, maana mama mdogo alimwambia miguu yake inauma wakati wa baridi. Mimi nilikuwa naandika, mama mdogo anasema niandike nini. Kuna siku mama mdogo alimwimbia ubeti mzima wa wimbo wa kwaya, naye akajibu kwamba ameusikiliza akiwa njiani na machozi yamemtoka.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata ukurasa mwingine wa mwanamke mmoja ambaye naye aliwahi kusoma kwa mkopo. Hakuwa na picha ya joho wala hakusema ana watu ndani. Nilimwuliza swali lilelile. Alijibu kesho yake:

"Usinitumie cheti. Usimtumie mtu yeyote cheti. Herufi hairekebishwi na mtu wa mtandaoni. Inarekebishwa kwenye ofisi ya msajili iliyotoa cheti hicho, wilayani kwenu. Nenda na mama yako na cheti halisi kabla dirisha la maombi halijafungwa."

Nikamsomea mama mdogo. Alikunja uso. "Hana hata salamu huyu. Umemwambia umefiwa, pole hajui?"

Nami niliona hivyo hivyo. Yule mwanamke alikuwa kama mlango uliofungwa. Na alichosema kilikuwa na safari, na ofisi, na kumsimamisha mama biashara. Mshauri wetu alikuwa anasema kaeni hapo hapo, nitafanya.

Akaomba picha za vyeti, nikavipiga vyote nikamtumia. Akaomba neno la siri la akaunti yangu ya maombi. Nilisita, nikamwuliza kama na hilo pia ni lazima.

"Mdogo wangu," akasema, "fundi atakutengenezea nyumba vipi ukimnyima ufunguo?"

Mama mdogo akacheka. "Si kweli?" Tukampa. Kisha akasema wale watu wa ndani wanahitaji chochote ili faili lisogee. Mama mdogo aliuza magoma, yaani kahawa ikiwa bado mtini, kwa yule mnunuzi anayepita kwenye nyumba zenye shida, kwa bei ya kutupa. Alipotoka kutuma pesa alikuja akiimba.

Kimya kilianza polepole. Salamu za asubuhi zikawa za mchana, kisha hazikuja. Mama mdogo akasema labda bando limemwishia. Nilipojaribu kuingia kwenye akaunti yangu, ikaniambia neno la siri si sahihi. Nikaliandika upya, herufi moja moja, nikilitamka. Si sahihi. Nikauliza kwenye kundi, mbele ya watu wote: "Kaka, mbona siwezi kuingia kwenye akaunti yangu?" Chini ya swali langu kulikuwa na watu wanaomwambia amina, wengine wanamshukuru. Nilikuwa bado nasoma zile amina ndipo nikaona nimeondolewa.

Baadaye ulikuja ujumbe mfupi kutoka namba yake. Kama nataka kuingia tena, niongeze kidogo.

Mama mdogo alikaa ukutani na ile simu mapajani. "Pengine kuna mtu amemwibia simu yake," alisema. "Pengine siye yeye."

Wiki hiyo mama alipanda na usipa wake. Alitua beseni, akanywa maji, akauliza mambo yamefikia wapi. Nilimweleza mimi, kwa sababu mama mdogo alikuwa amejifanya anaongeza kuni jikoni. Mama hakunikatiza. Nilipomaliza, hakuuliza habari za pesa. Aliuliza, "Cheti cha baba yako mlimpa?"

"Picha yake, mama."

Akakaa chini. "Nilizika mtu mmoja," alisema. "Sasa huko waliko sijui watamzika mara ngapi."

Kisha akaingia jikoni akamsemesha mdogo wake Kimatengo. Mimi Kimatengo nakisikia nusu, nyumbani tulikua na Kinyasa cha baba, lakini nilisikia ya kutosha. Nilisikia mama mdogo akisema, "Dada, alikuwa ananiamkia." Alilirudia hilo mara kadhaa, kama vile ndilo jibu.

Siku iliyofuata nilirudi kwa yule mwanamke asiye na salamu. Nilimwandikia kwa hasira, maana sikuwa na mwingine wa kumkasirikia. Nilimweleza yaliyotokea, nikamaliza hivi: "Na wewe nitajuaje kama si mwizi?"

Akajibu: "Hutajua. Usiniamini mimi. Andika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi ya mikopo, usibonyeze kiungo cha mtu. Chukua namba ya huduma iliyoandikwa pale, upige wewe. Na uende kwa mwalimu wako wa taaluma, umwulize kama haya ninayokuambia ni kweli. Malipo ya serikali yana kontrol namba, namba yake maalumu ya kulipia, hayaendi kwenye jina la mtu." Halafu, baada ya muda, akaongeza neno moja: "Pole."

Tukashuka Mbinga, ilipo shule yangu, kwa bodaboda, mama na mimi, mama mdogo akakataa kuja. Mwalimu wa taaluma alisoma ule ujumbe wote, akavua miwani. "Huyu kakwambia ukweli," alisema. "Lakini ungekuja kwangu mapema, binti." Alitutafutia namba, akaihakiki, na tukaipigia pale pale ofisini kwake. Muziki ulilia mpaka nikadhani tumesahaulika. Kisha akapokea dada mmoja, akaanza kuniuliza maswali ili ajue kama akaunti ni yangu: namba ya mtihani, tarehe ya kuzaliwa, mkoa.

"Taja jina la baba."

"Kwa R au kwa L?" nikauliza.

Mama alinitazama, akatazama dirisha.

"Kama lilivyo kwenye cheti chako cha shule," dada yule akasema.

Akaunti niliipata baada ya siku kadhaa. Nilipoingia ndani nilikuta namba ya simu si yangu, na mdhamini wangu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia. Mengine yote yalikuwa vilevile, hata yale maandishi mekundu. Hakuwa amegusa herufi. Tulikwenda polisi, taarifa yetu ikaandikwa, tukaambiwa tutunze zile sauti. Mama mdogo alitaka kuzifuta. Akazitunza.

Ikabaki safari ya ofisi ya msajili, Mbamba Bay, kwa sababu cheti kilitolewa upande wa ziwani. Mama aliacha biashara. Alipata barua ya serikali ya kijiji, kisha akaambiwa ni lazima ale kiapo mahakamani kwamba mtu mwenye jina la L na mtu mwenye jina la R ni mtu mmoja. Nilikuwepo. Mama alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani, akasimama mbele ya hakimu akainua mkono. Hakimu alimsomea maneno, naye akayafuata, lakini mwishoni akaongeza la kwake ambalo hakuambiwa aseme. "Mtu huyo ni mmoja. Nililala naye, nikamzalia, nikamzika."

Hakimu akasema inatosha, mama.

Cheti kilichosahihishwa kilitoka wakati dirisha la mikopo limeshafungwa. Chuo nilipata; jina langu lilikuwepo, kozi niliyoitaka, ualimu wa sayansi. Nililiangalia jina hilo kwenye simu ya mama mdogo kama mtu anayeangalia chakula cha jirani. Kwenda bila mkopo hakukuwezekana, na kila mtu nyumbani alijua, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Nilikaa mwaka mzima. Nilibeba usipa na mama, nikajua njia za vijiji vya Mbuji na Ruanda na kila mahali ambako watu wanakula dagaa wa kwetu, na wenzangu walianza kuniandikia kutoka vyuoni.

Kabla ya mwaka huo kwisha, yule mshauri alimpigia mama mdogo kwa namba nyingine. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimepanda kwake na mzigo wa usipa, tunaanika kahawa uani. Simu ikaita, namba hakuitambua, akapokea akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama mdogo akasema. Kisha mkono wake ukabaki hewani juu ya kahawa. Nilimwona akigundua. Machozi yalimtoka kabla hajasema kitu, na nadhani hakulia kwa sababu ya pesa wala kwa sababu yangu, bali kwa sababu ile marahaba ilikuwa imetoka kwa moyo wote.

Yule mtu akaanza kueleza kwamba kulikuwa na matatizo, mfumo, watu wa ndani wamebadilishwa, sasa nafasi ipo tena. Mama mdogo akamkatiza.

"Wewe, una mama?"

"Ninaye, mama yangu. Anaumwa."

Midomo ya mama mdogo ilifunguka. Alikuwa anakaribia kuuliza anaumwa nini. Nikaichukua simu nikaikata, nikaifungia ile namba. Mama mdogo hakuninyang'anya, lakini jioni ile hakula, na wiki iliyofuata alibadilisha laini. Watu wa kwaya walilalamika kwamba hapatikani, akawaambia simu iliingia maji.

Mwaka uliofuata nilijaza mwenyewe, hatua kwa hatua, nikiwa na cheti chenye R. Uhakiki ulipita. Niliwasilisha maombi, nikalipia kwa kontrol namba, nikashukuru Mungu. Nilidhani sasa tumefika. Kisha nikapokea taarifa kwamba maombi yangu yamesimamishwa: cheti cha kifo cha baba kimeonekana kwenye maombi ya mtu mwingine.

Nilimsomea mama nikiwa ufukweni kwetu; nilikuwa nimepanda na simu ya kuazima kwenye jiwe ambako mtandao unashika. Alikuwa anageuza usipa juu ya kichanja. Nilimweleza kwamba mtu amekitumia cheti, ni yule mwizi au mtu aliyeuziwa na mwizi, ni kitu cha kurekebishwa. Mama aliendelea kugeuza. Halafu akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ameandika kwamba ni mtoto wa baba yako?"

"Ndiyo, lakini mama, ni uongo."

"Wa umri gani?"

"Hawajasema."

"Msichana au mvulana?"

Ndipo nilipoelewa anachofikiri. Baba alikuwa akifanya kazi za vibarua huku na huku kabla hajaugua, anaondoka, anakaa, anarudi. Nilimweleza tena, taratibu, jinsi picha ya cheti inavyoweza kuuzwa. Akasema ameelewa. Lakini siku zilizofuata nilimwona anasimama katikati ya kazi, anatazama maji. Nilimsikia anamwuliza jirani, mwanamke mzee aliyemjua baba tangu ujana, kama aliwahi kusikia neno lolote. Mzee alimwambia aache kuokota maneno. Mama akarudi kwenye kichanja, na alikuwa amekwisha kuapa mbele ya hakimu kwamba mtu huyo alikuwa mmoja.

Nilipiga simu tena na tena. Nilipeleka vyeti halisi, kiapo cha mama, taarifa ya polisi. Mwishowe niliambiwa yale maombi mengine yameondolewa kwa sababu ni ya kughushi. Niliomba waniambie ni ya nani. Wakasema taarifa za mwombaji hawawezi kumpa mtu mwingine, na najua ni sawa. Nimewaza mara nyingi kwamba pengine alikuwa mtoto kama mimi, amekaa mahali na simu ya kuazima, akaambiwa na sauti ya upole kwamba akitoa chochote atatafutiwa cheti. Pengine aliapishwa asiseme.

Mkopo nilipata, si wote, wa kuniwezesha kuanza. Pesa nyingine mama anatafuta kwa usipa. Niko mwaka wa pili sasa. Yule mwanamke asiye na salamu nilimwandikia kumshukuru, akajibu, "Vizuri. Soma."

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Tulikuwa tunakula, mama na mimi tu, akasema bila kuniangalia, "Yule mtoto. Kama yupo kweli, aje tu. Chakula kipo."

Nilimwambia, "Mama, hayupo."

"Nimesikia," akasema, akanisogezea mboga.